Nilinunua kadi ya picha ya laki saba kumbe iliyokuwa inanikaba ni prosesa

Juzi kijana mmoja wa Mbagala kanitumia meseji saa tano usiku, ndefu kweli. Kompyuta yake inastaki kwenye gemu, fundi wa mtaani kwao kamwambia auze mashine yote na aongeze milioni moja na nusu achukue "ya kisasa". Yeye ana laki nne tu, akawa ananiuliza zilizobaki akope wapi. Niliposoma hapo pa kukopa usingizi ukaisha. Hiyo njia mimi nimeipita, na mpaka leo nikikatiza ule mtaa Kariakoo roho inaniuma.

Ngoja niwape stori yote, maana najua humu wengi mnataka kitu kilekile nilichokuwa nakitaka mimi, gemu iteleze bila kuuza kiwanja.

Mashine yangu nilianza kuijenga 2019 kidogo kidogo, mshahara huu mazabodi (ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote), mshahara ujao ramu. Mazabodi ya B450, prosesa, yaani ubongo wa mashine, Ryzen 3 1200 ya mtumba yenye kori 4 (kori ni kama wafanyakazi ndani ya prosesa) na nyuzi 4 (kazi inazoshika kwa mpigo), kadi ya picha GTX 1060 ya GB 6. Kwa wakati ule pale Tabata hakuna aliyenifikia, Jumapili washkaji wanajaa chumbani GTA V inateleza kama maji. Shida ilianza nilipoweka Cyberpunk 2077. Ukiwa ndani ya nyumba safi kabisa, fremu 55 mpaka 60, yaani picha kwa sekunde. Ukitoka tu barabarani, watu wanapita, magari yanapita, inashuka mpaka 28, inaganda, inaachia, inaganda tena. Unakata kona, picha ikirudi gari lako liko ukutani.

Nikaenda duka moja Kariakoo. Muuzaji hakuniuliza swali hata moja, nilivyotaja GTX 1060 tu akanikatisha, "Boss hiyo kadi imechoka, chukua RTX 3060 utakuja kunishukuru." Laki saba na ishirini, used. Hiyo hela nilikuwa naidunduliza miezi minane, chakula cha mchana kazini nilishaacha, nakunywa chai na chapati moja basi. Nikalipa. Nikarudi na bajaji nimeipakata ile kadi njia nzima, nikafunga, nikawasha gemu, nikaenda barabara ileile.

Fremu 30.

Nilikaa pale kwenye kiti nadhani dakika ishirini siongei. Laki saba na ishirini imenipa fremu mbili. Kesho yake nikarudi dukani, jamaa akasema mzigo ukishatoka umetoka, halafu akanishauri nipige Windows upya. Nikapiga Windows upya. Ikabaki 30.

Kilichoniokoa ni programu ya bure inaitwa MSI Afterburner, inakuonyesha kwenye kona ya kioo kila kitu kinafanya kazi kiasi gani wakati unacheza. Nikatoka barabarani nikaangalia. Kadi asilimia 41. Prosesa asilimia 100, kori zote nne zimejaa mpaka juu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Prosesa ndiyo inayopanga kila mtu anayetembea kwenye gemu, kila gari, kila risasi imeangukia wapi, halafu ndiyo inaiambia kadi "haya chora". Kadi yangu mpya ilikuwa imekaa tu inasubiri kuambiwa. Ungeiwekea kadi ya milioni tano ingesubiri vilevile.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia mfukoni fanya hivi. Washa gemu inayokusumbua, nenda sehemu inayokusumbua, soma namba. Kadi ikiwa juu huko 95 na kuendelea, kadi ndiyo imefika mwisho. Kadi ikiwa 40 au 60 na gemu inastaki, mara nyingi ni prosesa. Usidanganyike na asilimia ya jumla ya prosesa, inaweza kusoma 50 wakati kori moja imeshajaa, wewe angalia kadi. Kipimo kingine cha bure kabisa, shusha rezolusheni, ule ukali wa picha, kutoka 1080p mpaka 720p. Fremu zikipanda sana ni kadi, zikigoma palepale ni prosesa. Dakika tano hizo. Mimi dakika tano hizo zilinigharimu chakula cha mchana cha miezi minane.

Haya, nikajua ni prosesa. Na hapa kuna mtego mwingine, wa kuhesabu kori. Watu watakwambia kuna Xeon za mtumba, prosesa za seva, zina kori 14 kwa bei chee, au zile FX-8350 za 2012 kori 8. Ndugu yangu, gemu nyingi zina kazi moja kubwa ambayo kori moja lazima iibebe peke yake, hizo nyingine zinasaidia pembeni. Daladala ukiijaza makonda kumi na nne na dereva ni yuleyule mzito, Posta haifiki mapema. Unachotaka ni kori sita zenye nguvu, kila moja inakimbia.

Mimi nikaangukia Ryzen 5 5600. Ilitoka Aprili 2022 kwa dola 199 huko Marekani, kori 6 nyuzi 12, kasi inapanda mpaka 4.4 GHz, kashe ya L3 (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) MB 32, na inakula wati 65 tu kwa hiyo pawa saplai yangu ya zamani sikuigusa. Feni yake inakuja humohumo kwenye boksi. Na kubwa kuliko yote, soketi, pale prosesa inapokaa, ni AM4, ileile ya mazabodi yangu. Mazabodi haibadiliki, ramu haibadiliki. Nilidunduliza tena miezi minne nikaipata kwa laki tatu na arobaini.

Dukani soma jina lote mpaka herufi ya mwisho, usikubali "ni zilezile". Ryzen 5 5500 nayo ina kori 6 lakini kashe ni MB 16. Ya 5600G pia MB 16, hiyo wanailipia kwa sababu ina grafiki ndani, kama una kadi yako haikuhusu. Ya 5600X ni karibu sawa na 5600, usiongeze laki kwa ajili ya herufi X.

Sasa siku ya kufunga. Jumamosi mchana, joto la Februari, nimevua shati. Nikafungua skrubu za feni ya zamani nikaivuta juu kwa nguvu. Ikatoka na prosesa imeng'ang'ania chini yake, maana pesti, ile dawa ya kupitisha joto inayopakwa katikati yao, ilishakauka ikawa gundi. Hizi Ryzen za AM4 miguu iko kwenye prosesa yenyewe, pini 1331, nyembamba kuliko sindano. Ikadondokea mezani ikalaza safu nzima ya pembeni. Nikasema potelea mbali, si ninayo mpya. Nikaweka mpya, pesti mpya, feni, nikawasha. Feni zinazunguka, kioo cheusi. Nusu saa kioo cheusi.

BIOS, ile programu ndani ya mazabodi inayoiwasha mashine, yangu ilikuwa ya 2019. BIOS ya 2019 haiijui prosesa ya 2022, lazima uisasishe kwanza, na kuisasisha unahitaji prosesa inayowaka, yaani ile niliyotoka kuilaza pini. (Kuna mazabodi zina kitufe cha kusasisha bila prosesa, yangu haikuwa nacho.) Basi nikachukua wembe na tochi ya simu nikaanza kunyanyua pini moja moja. Mke wangu kashika tochi, hapumui. Pini kumi na moja. Ilichukua mpaka magharibi. Ikaingia kwenye soketi bila kusukumwa, ikawaka, na sikuona aibu kusema Alhamdulillah kwa sauti.

Kusasisha nako nilisubiri niazime UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ya jirani mwenye steshenari, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS hiyo mazabodi ndiyo umezika, na umeme wetu mnaujua. Flashi ya FAT32, faili kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji wa mazabodi yako, modeli yako hasahasa, dakika sita hivi, imeisha. Nikarudisha 5600. Ikawaka mara ya kwanza.

Barabara ileile, fremu 78, zikishuka sana ni 64. Kuganda hakuna. Kadi imepanda mpaka asilimia 96, ile kadi niliyoichukia miezi minne kumbe ilikuwa nzima siku zote.

Mengine ni madogo ila msiyadharau. Ukitaka kutoa feni ya zamani, pasha mashine kwanza kwa gemu dakika kumi pesti ilainike, zima, chomoa waya, ndipo uizungushe feni kushoto kulia taratibu kabla ya kuinyanyua. Ramu ziwe mbili, mbili za GB 8 zinaishinda moja ya GB 16, na ingia BIOS uwashe XMP, ile seti ya kuiachia ramu kasi yake kamili, la sivyo ramu ya kasi ya 3200 inatembea 2133 au 2400 na wewe hujui. Vumbi la Dar lipulize kila baada ya miezi miwili. Na prosesa ya zamani usiiuze mpaka mpya iwake, nasema tena, usiiuze.

Na tuacheni kuwaamini watu wanaotupa jibu kabla hawajasikia swali. Hela ya kudunduliza ina jasho, anayetaka kuichukua aangalie kwanza mashine yako ikiwa inastaki mbele ya macho yake. Fundi asiyepima anabahatisha, na anabahatisha kwa hela yako.

Kijana wa Mbagala nilimwambia anitumie picha ya namba. Kaleta leo asubuhi. Kadi asilimia 38, mazabodi B450, BIOS ya 2018. Laki nne yake inatosha na chenji inabaki. Nimemwambia prosesa anunue lakini boksi asifungue, Jumamosi anisubiri kwao Mbagala Rangi Tatu, nakuja na flashi na UPS.