Mkuu usilipe hilo dishi la mita 2.4 kabla hujaona ramani ya bimu

Aisee hiyo advansi irudishe mfukoni kwanza. Umeuliza LNB gani (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi), risiva gani na mota gani uweke kwenye dishi la mita 2.4 ili upate BBC na ITV ukiwa mbali na Uingereza, na muuzaji kakwambia "dishi kubwa linakamata kila kitu". Hayo maneno nayajua, niliuziwa hayo hayo.

Uongo mtupu. Zile chaneli ziko kwenye setalaiti za Astra 2, nyuzi 28.2 mashariki, na zinarushwa kwa bimu nyembamba, yaani mwale wa mawimbi uliolengwa Uingereza na Ireland, makusudi kabisa, maana haki za kuonyesha vipindi na mpira wamelipia za kwao. Ukitoka nje ya bimu mawimbi hayapungui taratibu, yanaporomoka. Mwaka 2014 chaneli zilipohamia Astra 2E watu kibao Hispania waliokuwa wanaangalia bila shida wakabaki na kioo cheusi, na hao wako Ulaya hapo hapo, sembuse wewe.

Piga hesabu. Ukiongeza kipenyo cha dishi mara mbili unapata dB 6 tu, yaani nguvu mara nne. Sasa tuseme walio Uingereza sentimita 60 zinawatosha na ulipo wewe mawimbi yako chini kwa dB 20, yaani mara mia, utahitaji kipenyo mara kumi, dishi la mita 6. Mita sita mkuu, hilo sio dishi tena hilo ni paa!

Mimi fundi alikuja na dishi la wavu, lile la vipande, zege likamwagwa, nguzo ikasimama, mke wangu akauliza tunawasiliana na jeshi gani. Jamaa akawasha risiva akanionyesha mstari wa juu, "nguvu asilimia 90 bosi, unaona?" Naona. Nikammalizia hela yake. Mstari wa chini, wa kwaliti, ulikuwa sifuri, akasema huo utapanda wenyewe usiku anga likitulia, na mimi na akili zangu zote nikakaa na rimoti nasubiri anga litulie (usicheke). Baadaye nikaifungua LNB nikaielekeza ukutani, nguvu bado 80 na kitu! Ule mstari wa juu unapanda hata kwa makelele ya LNB yenyewe, hauna habari kama setalaiti ipo au haipo. Angalia kwaliti, basi. Halafu nikaja kujua lile wavu lilikuwa la bendi ya C (kundi jingine la masafa), ambako wimbi lina urefu wa sentimita 7 au 8, wakati bendi ya Ku, wanayorushia BBC na ITV, ni kama sentimita 2 na nusu, yaani kipande kikipinda milimita chache tu mawimbi yanatawanyika, hayakutani kwenye LNB. Kwa hiyo hata ningekuwa ndani ya bimu lingenisumbua. Nikampigia, simu inaita tu. Nikabadilisha namba, akapokea, akasikia sauti yangu akakata. Mafundi wa hivi wanatuchafulia mafundi wazuri.

Kwa hiyo bimu kwanza, dishi baadaye. Ingia tovuti ya LyngSat au KingOfSat, tafuta chaneli unayoitaka, utaona masafa yake na jina la bimu, halafu fungua ramani ya bimu HIYO, sio ya setalaiti nzima, usome dBW (namba ya nguvu ya mawimbi) ulipo. Setalaiti moja ina bimu kadhaa, ndio maana hata jirani akikwambia "mimi hiyo setalaiti naipata" haisaidii kitu, anaweza kuwa anapata bimu nyingine yenye chaneli nyingine kabisa. Angalia pia kama chaneli ni ya bure au imefungwa, maana iliyofungwa hata dishi liwe kubwa kama uwanja halitaifungua.

LNB ya Ku chukua yunivaso ya kawaida, iliyoandikwa 9750/10600, na zile lebo za "0.1 dB" za makelele ya LNB usizitilie maanani, kila kiwanda kinajiandikia. Risiva iwe inasoma mfumo wa urushaji wa DVB-S2. Mengine hayo tutayaongea ukishajua kama kuna kitu cha kukamata.

Na kama muuzaji wako anajiamini kweli mwambie afunge kwanza, picha icheze, kwaliti uione kwa macho yako, ndio umpe hela. Uone kama atakuja.