Msizike kwanza! Sisi tulimzika baba mkubwa, na kesi yake tukaizika humo humo

Mkuu simamisha hayo mazishi. Umeandika kwamba baba yako mdogo kakutwa amekufa asubuhi pembeni ya ngitili, yaani eneo la malisho lililotengwa, mnayogombania na ule ukoo wa ng'ambo ya mto, mwili hauna jeraha la maana, kijiji kizima kinasema ni wao, Jumamosi mnazika, na ndugu wanachanga laki nne waende kwa mganga akawaambie nani kaua. Halafu unauliza polisi mfuatilie vipi, vijana muwatulize vipi, shamba liwe la nani na watoto wake wapate nini. Mimi nilipofika kwenye laki nne na Jumamosi niliacha chakula, maana hao ni sisi kabisa, umebadilisha majina tu.

Mwaka 2011, huku Usukumani, upande ambao leo ni Simiyu ila wakati ule tulikuwa bado Shinyanga, baba mkubwa wangu aliuza ng'ombe watano mnadani akaanza kurudi nyumbani jioni. Hakufika. Watoto wa kuchunga ndio walimkuta alfajiri kwenye njia inayopita kati ya ngitili yetu na ya wale jamaa, amelala kifudifudi, shingo imevimba kidogo, damu kidogo puani, basi. Mwano, yaani yowe la kuita watu, ukapigwa, watu wakaja na fimbo na mishale kutoka vitongoji vyote, na ndani ya nusu saa pale mahali pamekanyagwa kama zizi. Kabla jua halijawa kali kila mtu alishajua nani kaua.

Tulijua kwa sababu sisi na ule ukoo hatujawahi kupatana tangu sijazaliwa. Operesheni Vijiji ya 1974, ile ya serikali kuhamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, ilimhamisha babu, nyumba yake ikabaki mahame, kijiji kikawagawia wao lile eneo, katikati ya miaka ya 80 babu akarudi akakuta wameshapanda minyaa kuzunguka. Kuanzia hapo ni kung'oana minyaa usiku, kukatana ng'ombe miguu, binti yetu kukataliwa kuolewa kwao, msiba wao hatuendi, wetu hawaji. Kwa hiyo mtu wetu akifa mpakani, nani anahitaji kuuliza maswali?

Na hapo ndipo tulipokosea, yaani mpaka leo nikikumbuka nasikia tumbo linakata.

Mimi nilisema jamani tumpeleke hospitali ya wilaya akapimwe. Nilikuwa kijana, nikanyamazishwa. Mjomba wangu mmoja, mtu ambaye ukoo mzima ulikuwa unamsikiliza, akanishika bega akasema "ng'wanawane (mwanangu), wakimpasua, ini lake hatutaliona tena". Watu wakaguna, wakakubali. Kiongozi mmoja wa kijiji naye akasema tukipeleka mwili mjini tutakaa wiki nzima, gari la kukodi, mochwari, chakula cha wasindikizaji, kwani kuna haja gani wakati muuaji tunamjua, andikeni presha mumpumzishe mzee wenu. Ikaandikwa PRESHA! Mtu aliyekuwa anatembea kilomita kumi kwenda mnadani na kurudi, hajawahi kumeza kidonge cha presha maisha yake. Tukamwosha, nguo alizofia zikachomwa moto, shati likiwa limechanika kolani na kifungo kimoja hakipo, mimi mwenyewe nililiona likiungua. Simu yake ikatolewa laini, akapewa mtoto wa shangazi achezee, laini ikapotea. Saa kumi jioni tukazika.

Wale wawili sitawasamehe leo wala kesho. Mjomba hakuwahi kuona mtu aliyeibiwa ini hospitali, alisikia kilabuni, akaja kulisema mbele ya maiti kwa sauti ya mtu anayejua. Na yule kiongozi alikuwa anataka mambo yaishe kabla polisi hawajaja kuuliza kwa nini mpaka ule haujasuluhishwa miaka yote. Mtu wa namna hiyo utamkuta hata hapo kwenu, mkuu, muangalie vizuri, ni yule anayesema "tusisumbuke".

Wakati tunazika kuna mtu alichimba kaburi kuliko wote. Alikuwa mshirika wa baba mkubwa kwenye biashara ya ng'ombe. Alivua shati, alichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwa sauti "hawa watu wa ng'ambo wameanza tena". Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza pesa za ng'ombe watano ziko wapi. Hakuna! Ugomvi ulishatupa jibu, swali la pesa likakosa pa kukaa. Yule bwana alijificha ndani ya ugomvi wetu kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, na sisi ndio tulikuwa tunamnywesha damu.

Baada ya matanga wakaenda kwa mganga, ng'ombe wawili waliuzwa. Kuku akapasuliwa, mganga akaangalia matumbo yake, akasema muuaji ni mtu mnayepakana naye, na kwa kuwa marehemu hakuwa na jeraha, basi ni kazi ya mwanamke mzee mwenye macho mekundu. Ng'ombe wawili, tumeambiwa maneno tuliyompelekea wenyewe. Wiki mbili mbele vijana wetu waliingia usiku kwa bibi wa ule ukoo na mapanga. Hakufa, ila mkono wa kushoto ulikatika. Mdogo wangu wa tumbo moja alikuwemo, yuko gerezani mpaka leo ninavyoandika. Macho ya yule bibi yalikuwa mekundu kwa sababu amepika kwa kinyesi cha ng'ombe tangu aolewe, kuni huku hakuna, macho ya mama yangu mzazi ni hivyo hivyo.

2017 mke wa yule mshirika aliachika, akaenda mwenyewe polisi. Akapeleka mkanda wa ngozi wenye mfuko wa pesa kwa ndani ambao baba mkubwa alishonewa na fundi, una herufi za jina lake. Akasema mumewe alidaiwa na marehemu, walitoka mnadani pamoja, alimkaba njiani, akamburuta mpaka pale mpakani kwa sababu alijua tukimkuta pale hatutauliza kitu. Alijua! Miaka sita tunachukia watu wengine.

Akakamatwa, kesi ikaenda. Sasa sikiliza hapa vizuri maana hii ndiyo inayonifanya nikupigie kelele. Kwenye kesi ya mauaji lazima kwanza ithibitike kwamba mtu amekufa kifo kisicho cha kawaida, ndipo waanze kuulizana nani kafanya. Wakili wake akasimama akauliza swali moja, marehemu alikufa kwa nini. Tukatazamana. Ripoti ya daktari haipo. Nguo hazipo. Laini ya simu haipo, kumbukumbu za nani alimpigia jioni ile hatukuwahi kuziomba. Kilichokuwepo ni karatasi yetu wenyewe inayosema presha. Kaburi lilifukuliwa kwa amri ya mahakama, daktari akakuta mifupa, shingo iliyovimba ilishaoza zamani, akaandika chanzo cha kifo hakiwezi kujulikana. Mkanda alisema aliuziwa. Akaachiwa. Namuona mnadani karibu kila wiki, mimi nauza dawa za kupe, yeye anauza ng'ombe, ananisalimia.

Kwa hiyo mkuu sheria yangu ni moja tu, nitaisema hata ukinichoka: MWILI USIINGIE ARDHINI KABLA DAKTARI HAJAUPIMA KWA FOMU YA POLISI. Kifo cha mashaka kinatakiwa kiripotiwe na kichunguzwe, kuna Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, sio hiari ya ukoo wala ya mtendaji. Nenda kituoni leo wewe mwenyewe, ripoti kifo, chukua RB, ile namba ya taarifa yako polisi, sema kwa mdomo wako kwamba familia inataka mwili ufanyiwe uchunguzi, askari ndio wanamwandikia daktari. Wakikuambia rudi kesho, kaa hapo hapo kwenye benchi. Mwili usioshwe. Nguo alizokutwa nazo zisifuliwe wala kuchomwa, weka kwenye mfuko wa karatasi, sio wa nailoni, nailoni inaozesha kila kitu, wakabidhi polisi. Damu au nywele zisizo zake kwenye nguo zinaweza kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa vinasaba. Simu yake mtu asiiguse na laini isitolewe, polisi wanaweza kuomba kampuni ya simu iwape orodha ya waliompigia. Na umuulize mke wake swali ambalo sisi hatukuuliza: siku ile alikuwa na pesa? Alikuwa anamdai nani? Alitoka na nani?

Sisemi ule ukoo wa ng'ambo hawajaua. Inawezekana ni wao. Kama ni wao basi ndio kabisa unataka ripoti ya daktari, maana wakili wao atauliza swali lile lile.

Hao wanaochanga laki nne waambie hela hiyo inakodi gari la kupeleka mwili hospitali na chenji inabaki. Ramli chonganishi, yaani hiyo ya mganga kuwatajia mbaya wenu, serikali iliipiga marufuku tangu Januari 2015 baada ya yale mauaji ya ndugu zetu albino, na Sheria ya Uchawi yenyewe inasema kumtuhumu mtu mchawi ni kosa, sasa nyie mnataka kulipia kosa. Najua watakuja watu hapa chini kusema nimedharau mila, kwamba nimekaa mjini nimesahau. Ndugu zangu, jana nimelala na harufu ya dawa ya kuogeshea mifugo na shuka langu linaweza kusafisha kupe zizi zima, huo mji mnaousema ni upi? Sijagusa waganga wa mitishamba, mama yangu kanikuza kwa mizizi, na wana sheria yao ya Tiba Asili ya 2002. Nasema huyu wa kuwatajia muuaji.

Shamba uliuliza. Hilo nalo lilinitoa machozi. Baada ya yote haya ndipo mwanasheria mmoja wa msaada wa kisheria akanifungulia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 15, akanisomea kwamba ardhi waliyogawiwa watu kijijini kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977 ni mgao halali, na haki za aliyekuwepo zamani zilikoma. Yaani mahame ya babu yalikuwa yao. Mkono wa yule bibi, miaka ya mdogo wangu gerezani, yote kwa ajili ya kitu ambacho kilishaandikwa kwenye kitabu na hakuna aliyetusomea. Kwa hiyo ulizeni ngitili yenu iligawiwa mwaka gani na nani kabla hamjafungua mdomo, na mkumbuke tangu 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu, msije mkapoteza miezi pale mkisubiri hukumu.

Mwaka 2018 nilikwenda kwa yule bibi kumuomba msamaha. Nilikaa nje ya minyaa karibu saa nzima naogopa kuingia. Akatoka yeye, akaingia ndani, akaniletea maji kwa mkono mmoja, kikombe kimejaa, hakikumwagika. Hakusema kitu, na mimi nilishindwa kusema nilichokwenda nacho.

Mkuu nijibu jambo moja kwanza kabla hujasoma majibu mengine. Mwili uko wapi sa hivi, mochwari au nyumbani? Kama ni nyumbani, nani amekaa nao, na ameshaoshwa?