Harusi ya watu 24

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilimwita baba yako tukasikiliza pamoja, naye akavua miwani akakaa kimya. Umeuliza: mkifunga ndoa huko Seil, kisiwani Scotland, kwa watu 24 tu, kila kitu mmekitengeneza kwa mikono yenu, sisi huku Pangani tutajiona tumetengwa? Na mvua ikiwaharibia? Ukasema nisijibu kwa haraka. Nimekaa nalo siku tisa.

Nianze na mvua, maana hiyo nina habari zake. Hujanisikia nikisimulia harusi yangu sawasawa. Unaijua ile picha moja tu niliyojifunika kisutu cha bibi yako. Nikaha yetu ilikuwa Ijumaa, tarehe 13 Aprili 1984, katikati ya masika. Alhamisi jioni tumekaa uani, wanawake wananisinga, Mwalimu Nyerere akatangaza redioni kwamba Waziri Mkuu Sokoine amefariki kwa ajali ya gari. Waliokuwa wanaimba wakanyamaza pale pale. Ngoma ikavunjwa. Ndugu wa Dar es Salaam na wa Tanga hawakufika, barabara ilikuwa tope tupu. Miaka ile sukari, sabuni na kanga vilikuwa vya kutafutwa kwa foleni, ndiyo maana nilivaa kisutu cha mama na si kipya. Waliofika ni majirani, na wale waliovuka mto kwa pantoni kutoka Bweni wakiwa wamelowa chapachapa. Tulikuwa watu 31. Sheikh alisoma hotuba ya nikaha huku mvua ikipiga makuti kwa nguvu, ikabidi baba yako aitikie mara ya pili kwa sauti ya juu ndipo mashahidi wakasikia.

Nililia siku ile, nikidhani nimeharibikiwa. Leo namkumbuka kila mmoja wa wale 31 na alichokileta. Mjomba alichonga kitanda. Shangazi yangu alisuka vikuba vya asumini tangu alfajiri. Mama alisuka ukili miezi mitano akaushona ukawa mkeka, na mkeka huo ndio uliojifunzia kutambaa. Harusi ya binamu yako, ile ya ukumbini, nilikuwa mweka hazina wa kamati, majina yote yalipita mkononi mwangu, na leo ukiniuliza nani alikaa meza ipi siwezi kukuambia. Wapo walioahidi kwa aibu wakalipa kwa mkopo. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Kwa hiyo uchache haunitishi. Na Seil nimeiona, Oktoba ile mliponichukua kutoka Glasgow. Nakumbuka lile daraja la mawe lenye mgongo, la 1793, wanaloliita daraja la juu ya Atlantiki ingawa maji ya chini yake si mapana hata kama mto wetu. Nakumbuka zile nyumba nyeupe zilizoezekwa kwa mawe membamba meusi yaliyochimbwa hapo hapo, hadi bahari ilipopanda kwa dhoruba mwaka 1881 ikayafunika machimbo. Nilisimama nikafikiri: hawa waliezeka kwa walichonacho, kama sisi na makuti. Mvua yao ndiyo sikuizoea. Yetu huja kwa kishindo ikamaliza hasira zake, jua likarudi. Ile ya kwao inakaa. Haidondoki hata, inatembea ubavuni, inakuingia kwenye kola. Baba wa mkamwana wangu alinieleza kwamba milima ya magharibi hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, na upande wa mashariki sehemu nyingi hata 800 hazifiki. Nyie mmechagua magharibi. Basi chagueni mkijua.

Mei mliyoitaja ni nzuri, ndio wakati wa ukavu kwao, na usubi bado haujachachamaa. Usubi ule unauma kuliko mbu wetu, na hupenda hewa ikitulia, kwa hiyo ukisikia upepo siku hiyo ushukuru. Lakini msiipange harusi kwa kuliomba jua. Ipangeni kwa mvua tangu mwanzo: ule ukumbi mdogo wa kijiji uwe ndio mahali penyewe, moto uwashwe, mlango uachwe wazi bahari ionekane. Mkipata saa moja ya ukavu, tokeni ufukweni. Kadi mlizoandika kwa wino wa mkono zifungeni zisipate maji. Na hina ya bibi harusi ipakwe siku mbili kabla, akae karibu na moto, kwa sababu kwenye baridi haishiki rangi, hutoka ya machungwa iliyopauka.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nikae siku tisa. Orodha yenu nimeisoma. Kadi mmeandika nyinyi. Mishumaa nyinyi. Keki mtaoka nyinyi. Meza mtazipamba nyinyi kwa kokoto na mimea ya ufukweni. Hata ule utepe wa sufu wa kufungia mikono yenu siku hiyo mnausuka nyinyi. Nikahesabu, mwanangu, sikuona mkono wa mtu mwingine hata mmoja. Hapo ndipo nilipojiona nimetengwa, umeniuliza nami nakujibu kweli. Watu 24 si tatizo. Tatizo ni watu 24 watakaokuja kukaa na kutazama kazi za watu wawili. Harusi ya aina hiyo hata ningekuwa kiti cha mbele ningekuwa mgeni.

Na wala hii si desturi yetu peke yetu ninayokulazimisha. Mamake mchumba wako alinionyesha kwenye kitabu picha aliyoichora David Wilkie mwaka 1818, harusi ya peni. Watu wa Scotland walikuwa kila aliyealikwa analipa kidogo kwa chakula na ngoma, na kinachobaki wanapewa maharusi waanzie maisha. Kanisa lao katika karne ya 17 lilijaribu kuzipunguza, likaona watu wanazidi mno na kunywa mno. Nilicheka nikamwambia, dada, hii ni kamati yetu kabisa. Bibi wa mchumba wako, yule wa visiwani, akaongeza la kwao la Kigaeli, rèiteach. Rafiki wa kijana anakwenda kwa baba wa binti, wala hamtaji binti. Anasema amesikia kuna mwanakondoo mzuri hapa, angependa kumtunza. Nani Pangani asiyeijua lugha hiyo? Ami yako alipokwenda kuposa kwa ajili ya kaka yako alisema ameona ua limechanua bustanini mwao.

Basi nakuomba posa ifanywe. Isiwe ya kuigiza kwa ajili ya picha. Ami yako atazungumza kwa video, baba wa mchumba wako atajibu kwa namna yao ya zamani, na bibi yule awepo asikie. Mahari itajwe na aitaje mwenyewe bibi harusi, hilo ni haki yake. Na usimsahau mama yake. Huyo anadai mkaja, maana alijifunga tumbo kwa ajili ya kumzaa unayemchukua. Hatalijua neno, wewe mweleze.

Zile kazi zigawe. Bibi ana mkono wa kufuma, naye aliniambia habari za zile shali za Shetland zilizo nyembamba hata hupita ndani ya pete ya ndoa. Muulize kama angependa kumfumia mjukuu wake kitu, hata kidogo. Pilau nitapika mimi, kilo tatu za mchele zinatosha watu 24 na kubaki, viungo nitakuja navyo nimevikaanga huku, nyama ya halali mniletee kutoka Glasgow. Kama viza yangu haitatoka kwa wakati, nitampa mchumba wako vipimo naye apike nikimwangalia kwenye simu. Kile kikombe chao cha mishikio miwili, quaich, nimekipenda sana, anayetoa na anayepokea wote hushika kwa mikono miwili. Kitieni maziwa na tende, kipite kwa kila mmoja wa 24. Mkeka wa bibi yako nitauleta. Mkae juu yake wakati wa nikaha.

Yale ya serikali nakukumbusha haraka tu: ile fomu ya M10 ya kutoa taarifa ya ndoa kila mmoja wenu aijaze yake, na isifike kwa msajili chini ya siku 29 kabla ya harusi. Msingoje hizo 29, pelekeni miezi mitatu kabla, kwa vile wewe ni mgeni na vyeti vitachunguzwa. Wanataka mashahidi wawili, kama sisi. Nimefurahi kwamba sheria yao inaruhusu ndoa kufungwa hata ufukweni, na nimefurahi zaidi kwamba sheikh wa Glasgow amekubali kuja.

Ami zako niachie mimi. Wataguna. Mkija Desemba tutasoma dua hapa nyumbani, tutapika, atakayekuja kuwaona aje, bila kadi na bila mchango.

Doti ya kisutu nimeshanunua, sijaikata. Siku hiyo mtaikata nyinyi, nusu nitamfunga mkwe wako kiunoni kwa mkono wangu ndiyo iwe mkaja wake, nusu ajifunike mkamwana wangu.

Na kofia yako naianza wiki hii. Ya viua, vitundu vidogo vidogo, inakula miezi minne na macho yangu si yale ya zamani, kwa hiyo sina siku ya kupoteza. Chukua uzi, uzungushe kichwa juu ya masikio, funga fundo, kisha uupime na unitumie namba leo leo. Usikisie. Ile ya sikukuu ulikisia na ikakubana.

Mama yako