Maswali ya Wasomaji: Ile Mbili Inayobebwa

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Ninafundisha Hisabati Darasa la Nne hapa Kilosa, katika darasa lenye wanafunzi 74. Kwa wiki tatu nimefundisha kuzidisha kwa njia fupi. Wengi wao wanalijua jedwali la 6 bila kusita, lakini nilipowapa 24 × 6 nilipata majibu ya aina tatu yasiyo sahihi: 1224, 244 na 124. Mfano huo nimeurudia ubaoni mara nyingi. Je, niendelee kuurudia, au kuna hatua niliyoiruka? – Mwalimu, Kilosa.

JIBU: Mwalimu mwenzangu, umenisaidia sana kwa kuyataja majibu yenyewe badala ya kusema tu kwamba watoto wamekosea, kwa kuwa majibu hayo matatu yametoka kwenye makosa matatu tofauti, na kila kosa lina dawa yake. Mtoto aliyeandika 1224 alizidisha 4 kwa 6 akapata 24, akaiandika yote, kisha akazidisha 2 kwa 6 akapata 12 na kuipanga kushoto. Huyu hajui bado kwamba kila nafasi hukaa tarakimu moja tu. Aliyeandika 124 alijua kuandika 4, lakini ile 2 aliyopaswa kuibeba ikamtoka akilini. Aliyeandika 244 alikumbuka kubeba, akaiandika 2 ndogo juu ya 2 ya 24, halafu akazijumlisha kwanza zikawa 4, ndipo akazidisha 4 kwa 6. Huyu wa mwisho ninamwonea huruma kuliko wenzake, kwa sababu alifuata kwa bidii kile alichokiona ubaoni: tarakimu mbili zimepangwa moja juu ya nyingine, naye akaona zinapaswa kujumlishwa.

Wote watatu, hata hivyo, wamekosa jambo moja la msingi, nalo ni kwamba ile 2 ya 24 si mbili, bali ni makumi mawili. Hapa lugha yetu inahitaji msaada wa mwalimu. Kiswahili kinaposema "kumi na nne", mtoto anasikia kumi na anasikia nne. Lakini kinaposema "ishirini", neno hilo, ambalo tulilipata kutoka Kiarabu pamoja na thelathini, arobaini na hamsini, halimwonyeshi popote kwamba ndani yake mna mbili. Sitini, sabini na tisini zina nafuu, maana sita, saba na tisa zinasikika. Mtoto wa Kinyarwanda husema "makumyabiri" na wa Kiganda husema "amakumi abiri", na wote wawili husikia makumi mawili kila wanapoitaja namba hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kurudi kwenye njia fupi, tumia siku kadhaa kuzisoma namba kwa namna zote mbili: ishirini na nne, yaani makumi mawili na mamoja manne, thelathini na saba, yaani makumi matatu na mamoja saba. Na unapozidisha ubaoni usiseme tena "mbili mara sita". Sema "makumi mawili mara sita ni makumi kumi na mawili". Sentensi hiyo ni ndefu na mwanzoni inachosha ulimi, lakini ndiyo inayobeba maana yote.

Kisha waonyeshe kwa vitu. Ninyi wa Kilosa hamkosi katani, basi fungeni mabua ya mtama au vijiti vyovyote mafungu ya kumi kumi kwa kamba hiyo. Waite wanafunzi sita mbele ya darasa, kila mmoja ashike mafungu mawili na vijiti vinne vilivyo huru, halafu wote waweke walivyonavyo juu ya meza. Darasa zima litahesabu: vijiti huru ni 24 na mafungu ni 12. Waulize vijiti huru 24 vinaweza kufungwa mafungu mangapi, nao watayafunga mawili na kubakiza vijiti vinne. Mafungu hayo mawili mapya yatakwenda kujiunga na yale 12, yawe 14. Makumi kumi kati yake yatafanya mia moja, na yatabaki makumi manne. Jumla ni 144. Mtoto aliyeyafunga mafungu yale kwa mikono yake ameshabeba 2, hata kama hajaambiwa kwamba kitendo hicho kinaitwa kubeba, na ameona pia kwamba yanaongezwa baada ya kuzidisha, kwa sababu yalipofungwa yale 12 yalikuwa tayari mezani.

Baada ya vijiti, usikimbilie njia fupi. Waandike kwanza mazao yote mawili, moja chini ya jingine: 4 × 6 = 24, kisha 20 × 6 = 120, na chini ya mstari wajumlishe, 144. Wakae na mtindo huo mpaka waone wenyewe kwamba wanaandika sana, kwa kuwa njia fupi haifanyi lolote zaidi ya kuufupisha: ile 24 ya juu inagawanywa, 4 inaandikwa katika mamoja, na 2 inasubiri makumi yazidishwe. Ushauri wangu ni kwamba 2 hiyo isiandikwe juu kabisa, bali iandikwe ndogo chini ya mstari wa jibu, katika safu ya makumi, pale pale itakapoongezwa. Mtoto wako wa 244 asingeipata 244 kama ingekuwa imekaa huko.

Wafundishe pia kukadiria kabla ya kukokotoa. Kama 20 × 6 ni 120 na 30 × 6 ni 180, jibu la 24 × 6 lazima liwe katikati, na hapo 1224 na 244 zinakataliwa na mtoto mwenyewe kabla hajaleta daftari. Makadirio hayo hayaikamati 124. Anayeipata mwulize tu: makumi peke yake yametoa 120, je, 4 × 6 imeongeza 4 tu?

Utakapofika kwenye namba zenye sifuri katikati, tenga kipindi kizima. Katika 207 × 8 mtoto anabeba 5 kutoka 56, halafu anakutana na 0. Wengine husema sifuri mara nane ni nane, na hupata 1736. Wengine huiruka sifuri na kupata 216. Waambie waseme "hakuna makumi, hakuna makumi mara nane bado hakuna, lakini kuna makumi matano yaliyobebwa", ndipo waandike 5 na kuendelea hadi 1656.

SWALI: Mwanangu yuko Darasa la Tatu na bado hajakariri jedwali la kuzidisha. Jirani anasema bila fimbo hataweza. Nifanye nini? – Mama, Tanga.

JIBU: Mama, fimbo iweke kando kabisa, mtoto anayeogopa huotea jibu ili asipigwe. Jedwali la 1 hadi 10 lina mazao 100, na ndiyo yanayomtisha, lakini mwonyeshe kwamba 3 × 7 na 7 × 3 ni kitu kimoja, na kwamba ya 1, 2, 5 na 10 huenda tayari anayajua. Yanayobaki ni 21 tu. Yaandike kwenye vipande vya karatasi na umwulize matatu kila jioni mkipika, si zaidi. Akikwama kwenye 7 × 8, usimtajie jibu; mwulize 7 × 4, akisema 28 mwambie aichukue mara mbili. Akikwama kwenye 6 × 7, mwulize 5 × 7, kisha aongeze 7 moja. Kipande anachokijibu jioni tatu mfululizo bila kufikiri sana kitoe kwenye fungu, naye alione likipungua.