Gari la kukutoa mvua zikikata barabara

Ndugu yangu wa Sengerema, nimekuelewa: unataka gari la kuhamisha familia mafuriko yakija, na fundi wa kompyuta yuko mbali. Tafuta Land Cruiser ya injini ya 1HZ, dizeli lita 4.2, pampu ya dizeli isiyotegemea kompyuta. Yangu ilizima njiani usiku. Hewa ilikuwa imeingia kwenye dizeli. Nilikaza klampu ya paipu, nikabonyeza kile kipampu cha mkono juu ya filta mpaka kikawa kigumu. Ikawaka.

Kabla ya kulipa, lala chini, gonga chesi, yaani fremu ya chuma ya chini, uone kutu. Taiming belti, mkanda unaopanga mwendo wa vali za injini, badilisha hata muuzaji akiapa kuwa ni mpya. Ongeza filta ya kutenganisha maji na dizeli. Springi usiziinue mno, gari litapinduka kwa urahisi. Tangi la ziada na breki mpelekee fundi aliyesomea.