Maswali yenu: kidonda cha sukari na moyo uliochoka

Meseji za wiki hii nyingi ni za vidonda vya miguu kwa wenye sukari, ila karibu wote hamjauliza dawa, mmeuliza habari za moyo na ndugu. Haya twende.

Shikamoo nesi. Nauza dagaa mwaloni Kirumba, nina kidonda chini ya unyayo mwezi wa tano huu na kinanuka. Kwenye daladala watu wanafungua madirisha. Nimeacha kikoba, nimeacha jumuiya, nashinda ndani tu. (Mama, Igoma)

Marahaba mama, pole sana. Hiyo harufu sio uchafu wako, ni bakteria walioko kwenye nyama iliyokufa ndani ya kidonda, unaweza ukaoga mara tatu kwa siku na bado ikanuka. Inatakiwa kidonda kisafishwe na mtu anayejua, nyama iliyokufa itolewe, na ikibidi upewe antibayotiki. Kwa hiyo ukifika chumba cha vidonda sema "kinanuka", hivyo hivyo, nesi anahitaji kulisikia, maana wengi mnaishia kusema "kinasumbua kidogo" huku mguu umefungwa kitenge juu ya kitenge. Na harufu ikianza au ikizidi usisubiri tarehe ya kliniki. Halafu ule mtindo wa kuvalisha mguu mfuko wa nailoni uache, jasho linabaki humo, ngozi inalowa inakuwa nyeupe na kidonda kinazidi kutanuka.

Sasa kikoba. Usihangaike na wote, chagua mmoja unayemwamini, mwite kwako umweleze kila kitu, yeye ndo akawaambie wenzio wiki ijayo mkutano uwe kwako nje kwenye mkeka. Nje upepo upo, na wewe huruhusiwi kukanyagia huo mguu hovyo, kwa hiyo wakija wao umeokoa hatua zote za kwenda stendi. Wengi wakishajua ni kidonda, wanaacha kununa.

Mzee wetu amekuwa mkali hataki kuguswa, usiku tunamkuta anakunywa chai ya sukari makusudi. Tufunge jiko? (Kijana, Nyegezi)

Msifunge, huo ukali unaweza kuwa ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. London kuna utafiti ulichapishwa 2007, walifuatilia watu 253 wenye kidonda cha kwanza cha mguu, karibu theluthi yao walikuwa na sonona, na ndani ya miezi 18 hatari ya kufa kwa hao ilikuwa kama mara tatu ya wenzao. Na sonona ya mzee mara nyingi hailii jamani, inagomba. Muulizeni kwa heshima, mtu mmoja sio baraza zima: wiki hizi mbili baba umekuwa mnyonge muda mwingi? Vitu ulivyokuwa unavipenda bado unavitamani? Akisema ni mnyonge, au havitamani tena, hata kimoja tu, daktari wa kliniki ya sukari aambiwe, kuna ushauri wa kuongea na kuna vidonge.

Ila na nyie mjiangalie. Baba mwenye nyumba akishakuwa mtu wa kukaguliwa sahani na watoto wake, hiyo chai ndo inabaki kitu pekee anachoamua mwenyewe. Mrudishieni mambo yake, kodi ya wapangaji ahesabu yeye, na mashine ya kupimia sukari aishike yeye.

Mume wangu ni mvuvi, kidonda kilianza bila hata kuumia, watu wanasema amekanyaga kitu. Anataka mganga. (Nansio)

Mdogo wangu, sukari ikikaa juu muda mrefu inaua mishipa ya fahamu, mguu unapata ganzi, mtu anakanyaga ndoano au jiwe la moto na hasikii, kwa hiyo "bila kuumia" ina maelezo. Usigombane naye kuhusu kulogwa, utampoteza, na ndugu zake watakuona mbaya. Kubaliana naye kitu kimoja tu: maombi sawa, ila hakuna kitu cha kupaka wala maji ya moto kwenye kidonda. Mguu ukiwa mweusi, wekundu ukipanda, au homa ikija, ni hospitali siku hiyo hiyo, na wakiwapa rufaa ya hospitali ya Bugando huku Mwanza mpande meli mje.

Nimekuwa mzigo kwa mke wangu, nawaza bora nisiwepo. (Baba, Buhongwa)

Kaka, hili usilale nalo. Mwambie mkeo leo kama ulivyoniandikia mimi, insulini na dawa zote azitunze yeye, na mwende hospitali leo, useme hayo maneno mapokezi. Usikae peke yako. Wagonjwa wengi wa kidonda wanawaza hivyo na wanatibiwa.

Namuuguza mama peke yangu, ndugu wako kwenye grupu la WhatsApp wanatuma "pole" na maua. (Dada, Mabatini)

Acha kuandika "tusaidiane", hakuna anayejiona ametajwa hapo. Andika majina: kaka, bajaji ya kliniki Jumatatu ni yako. Shangazi, gozi na plasta za mwezi huu. Wewe wa Dar, Jumapili saa kumi unampigia mama video, nusu saa, na marufuku kuuliza kidonda, ongeeni umbea. Halafu hiyo nusu saa wewe toka nje.