Barua kwa mwanangu: kuhusu Mtakatifu Hareng

Mwanangu mpenzi, huku wazima, baba'ako anakusalimia sana.

Swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema darasani huko Ufaransa mmesomeshwa mahubiri ya mzaha ya zamani, maisha ya Mtakatifu Hareng, shahidi mtukufu, kumbe hareng ni samaki tu wa baharini, ukacheka mpaka machozi halafu usiku ukaanza kujiuliza umemkosea Mungu au vipi. Hujakosea mwanangu, cheka tu.

Mi naona hivi. Hao watu waliomtunga, wa miaka ya 1400 na 1500, Kwaresima yao haikuwa kama yetu ya kuacha nyama Ijumaa, siku 40 hakuna nyama, hakuna yai, maziwa wala siagi, maskini anabaki na hareng, leo hareng kesho hareng, wa chumvi, wa moshi, wa kuchoma. Sasa sikukuu imefika mtu anasimama anahubiri kama padre kabisa, anasimulia mtakatifu alivyovuliwa baharini akapelekwa bandari ya Dieppe huko huko Ufaransa akateswa kwa ajili ya watu, wote waliosimama pale huyo samaki wanamjua kwa mikono yao! Ningekasirika kama wangekuwa wanamcheka mtu anayefunga, lakini wanaofunga ndio wao wenyewe.

Na mi namuelewa huyo Hareng kuliko mwalimu wako. Sangara ukimbanika, mafuta yanadondokea kwenye makaa yanalia chwaaa, ngozi inaanza kujikunja kule mkiani, unamgeuza kwa vidole hivyo hivyo na moto maana ukitumia kijiti anavunjika na mteja hamtaki. Miaka yote hiyo nimesimama pale soko la samaki la Mwaloni na moshi machoni, samaki ndio waliokulisha, ndio waliokulipia ada mpaka ukapanda ndege, we unadhani siwezi kumuita mmoja wao shahidi? Tena naweza kulia.

Halafu usimsahau Mtakatifu Laurenti, yule shemasi wa Roma aliyeuawa mwaka 258, tunayemkumbuka 10 Agosti. Mtakatifu Ambrosi mwenyewe kaandika kwamba akiwa anachomwa juu ya chuma cha moto aliwaambia watesi wake upande huu umeiva, nigeuzeni mle. Maneno ya shahidi hayo, na Kanisa halikuyaficha, leo huyo ndo msimamizi wa wapishi. Waliomtunga Hareng walikuwa wanamjua Laurenti vizuri, usidhani ile chuma ya kumchomea Hareng imeingia kwa bahati.

Hao wengine uliowataja, Mtakatifu Paja la Nguruwe na mwenzake Soseji, sijawaelewa sana, ila Mtakatifu Kitunguu huyo nimempenda hata kabla sijamsoma, nani kawaliza watu wengi kama yeye.

Nitafsirie basi na huyo Kitunguu, polepole ukimaliza mitihani. Ijumaa ijayo jumuiya inasali kwangu, nataka kina mama niwasomee Hareng kwanza, baada ya rozari, kabla sijaleta chakula. Nimeshaagiza sato.

Mama'ako